Dawa za maumivu baada ya upasuaji wa mkono: opioidi, diklofenaki, parasetamoli au ganzi ndefu?

Kiswahili kina neno moja, mkono, kwa kiungo chote kinachoanzia begani na kuishia kwenye ncha za vidole, na hali hiyo huleta tatizo katika chumba cha daktari. Mtu aliyefunguliwa kidole kilichokuwa kikikwama, kwa mkato usiozidi sentimita mbili, na mtu aliyewekewa vyuma kwenye kiwiko kilichovunjika katika ajali ya bodaboda, wote hurudi nyumbani wakisema wamefanyiwa upasuaji wa mkono. Na mara nyingi wote wawili hurudi na mfuko wa dawa unaofanana: diklofenaki, parasetamoli na tramadoli. Makala haya yanalinganisha njia zilizopo za kutuliza maumivu hayo, ili mgonjwa, ndugu anayemuuguza na tabibu anayeandika cheti cha dawa wachague kwa kujua wanachokichagua.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa sehemu kubwa ya upasuaji wa kiganja na vidole, opioidi hazihitajiki kabisa au zinahitajika kwa siku moja au mbili. Kwa upasuaji mkubwa wa mifupa ya kifundo cha mkono, kigasha (sehemu ya kati ya kifundo na kiwiko) na kiwiko zinahitajika, na kumnyima mgonjwa ni kosa. Katika hali zote mbili, idadi ya vidonge inastahili kufikiriwa kwa makini kuliko inavyofikiriwa sasa, kwa sababu huandikwa kwa mazoea, na mazoea hayajui tofauti ya kidole na kiwiko.

Opioidi ni dawa za jamii ya afyuni: mofini, kodeini, tramadoli, pethidini, oksikodoni, haidrokodoni na fentanili. Hazigusi jeraha lenyewe, bali hufanya kazi katika ubongo na uti wa mgongo, zikipunguza jinsi maumivu yanavyohisiwa. Dawa za kuzuia uvimbe, yaani ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zao, hufanya kazi kwa njia nyingine: huzuia kutengenezwa kwa kemikali ambazo mwili huzimwaga mahali palipokatwa na ambazo ndizo huleta uvimbe, joto na maumivu. Tofauti hiyo ni muhimu sana kwa mkono, kwa sababu kiganja na vidole vina nafasi ndogo ya kuvimba, na sehemu kubwa ya maumivu ya siku tatu za kwanza ni maumivu ya uvimbe.

Marekani walizidisha, sisi tumekosea kwa namna mbili

Takwimu nyingi tulizonazo kuhusu jambo hili zinatoka Marekani, na kuna sababu. Tangu mwaka 1996, oksikodoni ya aina inayoachiwa polepole mwilini ilipoingizwa sokoni na kutangazwa kwa madaktari kuwa haileti uraibu kwa urahisi, vidonge vya jamii hiyo viliandikwa kwa wingi baada ya karibu kila upasuaji. Kampuni iliyoitengeneza ilikiri kosa mahakamani mwaka 2007, lakini wakati huo mamilioni ya vidonge vilikuwa vimekwisha kulala katika makabati ya nyumba za watu. Madaktari wa upasuaji wa mkono walianza kuhesabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia wagonjwa 250 waliofanyiwa upasuaji wa mkono na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kwa kawaida waliandikiwa vidonge 30, wakatumia wastani wa vidonge 10, na vilivyobaki kwa kundi zima vilikuwa 4,639. Zaidi ya nusu yao walitumia opioidi kwa siku mbili au pungufu.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha jambo lililowashtua wengi: kati ya watu ambao hawakuwa wakitumia opioidi kabla ya upasuaji wa kawaida wa kiganja na kuandikiwa wakati huo, asilimia 13 walikuwa bado wanachukua dawa hizo miezi mitatu na zaidi baadaye, wakati ambapo jeraha la upasuaji wa aina hiyo huwa limekwisha kupona. Kuendelea kuchukua dawa si sawa na kuwa mraibu, na ni haki kusema hivyo. Lakini mtu aliyeingia hospitali kwa ajili ya kidole na kutoka na dawa ya afyuni ya miezi mitatu amepewa tatizo la pili.

Huku kwetu picha ni nyingine. Tume ya jarida la Lancet iliyotoa ripoti mwaka 2017 ilikadiria kwamba kati ya tani 298.5 za opioidi zilizogawiwa duniani kwa mwaka, zikipimwa kwa nguvu ya mofini, tani 0.1 tu ndiyo iliyofika katika nchi zenye kipato cha chini. Kwa hiyo mgonjwa aliyesagwa mkono na mashine anaweza kukaa wodini akiwa na sindano ya diklofenaki peke yake, kwa sababu mofini haipo au kwa sababu wahudumu wanaiogopa. Wakati huohuo tramadoli, ambayo haimo katika mikataba ya kimataifa ya kudhibiti dawa za kulevya kama ilivyo mofini na kodeini, hupatikana kwa urahisi zaidi na huandikwa hata mahali ambapo parasetamoli ingetosha. Tunaogopa dawa tuliyopaswa kuiheshimu na kuitumia, na tunaizoea dawa tuliyopaswa kuiogopa kidogo. Anayesoma mafunzo ya Marekani na kuyanakili yalivyo, kwamba opioidi zipunguzwe, atakuwa amejibu nusu ya swali letu.

Parasetamoli pamoja na ibuprofeni, au opioidi?

Huu ndio ulinganisho wenye uzito kuliko yote mengine, kwa sababu ndio unaowahusu wagonjwa wengi.

Mwaka 2017 madaktari wa New York walichapisha jaribio la wagonjwa 416 waliofika idara ya dharura wakiwa na maumivu makali ya mkono au mguu, wengine wakiwa wameteguka na wengine wakiwa wamevunjika. Kundi moja lilipewa ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 1,000. Makundi matatu mengine yalipewa parasetamoli iliyochanganywa na oksikodoni, haidrokodoni au kodeini. Baada ya saa mbili maumivu yalikuwa yamepungua kwa kiasi kinachokaribiana katika makundi yote manne, na tofauti iliyokuwepo haikuwa ya kumfaidi mgonjwa. Hilo lilikuwa jaribio la dozi moja, na si la watu waliopasuliwa, kwa hiyo halitoshi peke yake. Lakini majaribio ya baadaye kwa watu waliofunguliwa neva iliyobanwa kifundoni, ambapo wagonjwa waligawiwa kwa bahati nasibu kupata parasetamoli, ibuprofeni au oksikodoni bila wao wala daktari kujua nani amepata nini, nayo hayakuonyesha kwamba opioidi ilituliza maumivu kuliko hizo nyingine.

Wagonjwa wengi hawaamini jambo hili, na naelewa kwa nini. Parasetamoli ni dawa ya kichwa na homa, inauzwa hata dukani kwa mangi pamoja na sabuni na chumvi. Inawezekanaje itoshe kwa mtu aliyekatwa kisu? Jibu liko katika namna ya kuitumia. Kidonge kimoja cha miligramu 500, kinachomezwa maumivu yakishapanda, hakitoshi. Kinachofanya kazi ni dozi kamili kwa saa maalumu: kwa mtu mzima mwenye uzito wa kawaida na ini zima, parasetamoli gramu moja saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku, pamoja na ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya kula. Hufanywa hivyo kwa siku tatu za kwanza, maumivu yawepo au yasiwepo, kisha hupunguzwa. Dawa hizi mbili hazipigani. Kila moja hushika njia yake, na zikiwa pamoja hutuliza kuliko kila moja ikiwa peke yake.

Ukiziweka upande kwa upande na opioidi, faida yake ni kwamba hazilevyi, hazileti uraibu, hazizuii choo, hazipunguzi pumzi, na mtu anaweza kurudi kwenye shughuli nyepesi akiwa na akili timamu. Opioidi huleta kichefuchefu, kizunguzungu, kuwashwa na choo kigumu kwa watu wengi, na kwa wachache, hasa wakichanganya na pombe au dawa za usingizi kama diazepamu, huweza kusimamisha pumzi. Lakini parasetamoli na dawa za kuzuia uvimbe nazo zina makosa yake, na ni makosa yanayoua. Parasetamoli ikizidi gramu nne kwa siku huharibu ini, na kiwango hicho kinapaswa kuwa chini zaidi kwa mtu mwenye uzito usiofika kilo 50, mwenye lishe duni au mnywaji wa pombe kila siku. Hatari hutokea mtu anapomeza pia dawa ya mafua bila kujua kwamba ndani yake imo parasetamoli. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo lenye vidonda, hupandisha shinikizo la damu, huumiza figo, na hazifai kwa mama mjamzito kuanzia wiki ya 20 isipokuwa daktari aamue.

Kuna onyo moja ambalo makala ya Marekani hayalitilii mkazo na ambalo kwetu ni la kila siku. Mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye tenofoviri, na kundi kubwa la wagonjwa wa Afrika Mashariki linatumia hiyo, yuko katika hatari zaidi ya kuharibika figo akipewa diklofenaki, hasa kwa dozi kubwa. Vilevile mzee anayetumia dawa za presha na za kukojosha. Kwa watu hao parasetamoli ibaki, dawa ya uvimbe iondolewe au ipunguzwe kwa ushauri wa daktari, na opioidi kidogo kwa siku chache huenda ikawa ndiyo njia salama zaidi. Ndiyo maana mimi sikubaliani na wanaosema opioidi ni mbaya na diklofenaki ni nzuri, kana kwamba dawa zina tabia bila kujali mwili wa anayezimeza.

Kosa jingine la kawaida ni kupewa dawa mbili za jamii moja: sindano ya diklofenaki wodini, vidonge vya ibuprofeni kwenye mfuko wa kurudi nyumbani, na ndugu anayeongeza vidonge vingine vya diklofenaki kutoka duka la dawa. Hiyo haiongezi utulivu, inaongeza madhara. Kuhusu mifupa, madaktari wamekuwa wakihofia kwamba dawa hizi huchelewesha mfupa kuunga. Kwa matumizi ya siku chache kwa mtu mzima, hofu hiyo haijathibitishwa kwa uhakika, lakini daktari aliyekuwekea vyuma akisema usizitumie, sikiliza yeye, kwa sababu ndiye aliyeuona mfupa wako.

Kama opioidi inahitajika, iwe ipi?

Tramadoli ndiyo inayojulikana zaidi, na sifa yake ya kuwa dawa nyepesi imezidishwa. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, kilihesabu miligramu moja ya tramadoli kuwa sawa na miligramu 0.1 ya mofini. Katika mwongozo wa mwaka 2022 hesabu hiyo ilipandishwa hadi 0.2. Kwa hesabu mpya, kidonge kimoja cha miligramu 50 ni sawa na mofini miligramu 10, na mtu anayemeza vidonge viwili mara nne kwa siku anafikia miligramu 80 za mofini, wakati mwongozo huohuo unamtaka daktari afikiri mara mbili kuanzia 50. Zaidi ya hapo, tramadoli huweza kuleta degedege, kwa hiyo haifai kwa mwenye kifafa, na huongeza kemikali ya serotonini mwilini, kwa hiyo ni ya hatari kwa anayetumia dawa za sonona. Haizidishwi miligramu 400 kwa siku, na kwa mzee aliyepita miaka 75 kiwango cha juu ni 300. Haimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mofini imo.

Kodeini ina tatizo la aina yake. Yenyewe haitulizi sana. Ini huigeuza sehemu yake kuwa mofini, na kasi ya kugeuza hutofautiana baina ya watu kwa kurithi. Kuna ambao hawaigeuzi kabisa, hivyo watameza na kuendelea kulia, na kuna wanaoigeuza upesi mno hata dozi ya kawaida ikawalevya. Kundi hili la pili ni dogo Ulaya Kaskazini, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta karibu asilimia 29 ya Wahabeshi waliopimwa wana nakala za ziada za jeni inayohusika. Tramadoli nayo hupitia njia hiyo. Ndiyo sababu mamlaka ya dawa ya Marekani ilipiga marufuku mwaka 2017 kodeini kwa kutibu maumivu, na tramadoli vilevile, kwa watoto wa chini ya miaka 12, na ikaonya zisitumiwe na mama anayenyonyesha. Mtoto aliyevunjika kiwiko kwa kuanguka kutoka kwenye mwembe, na hao ni wengi kila msimu, apewe parasetamoli na ibuprofeni kwa uzito wake, na maumivu yakizidi apewe mofini ya maji kwa dozi iliyopimwa, akiwa chini ya uangalizi hospitalini. Asipewe tramadoli ya mkubwa iliyokatwa nusu.

Mofini basi, ambayo watu wengi huihusisha na saratani na kifo, ndiyo inayotabirika zaidi kati ya hizi tatu. Haihitaji kugeuzwa ili ifanye kazi, dozi yake inajulikana, na dawa ya kuikata ikizidi, naloksoni, inajulikana. Uganda imeonyesha kwamba inaweza kutumika kwa usalama katika mazingira yetu: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, iliieneza mofini ya maji ya bei nafuu, na tangu mwaka 2004 sheria ya nchi hiyo imewaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Uzoefu huo ni wa wagonjwa wa saratani na UKIMWI, si wa mifupa, lakini somo lake la msingi, kwamba dawa yenye nguvu ikipimwa na kuandikwa kitabuni haigeuki kuwa balaa la mtaa, linatuhusu. Kwa mgonjwa aliyelazwa usiku wa kwanza baada ya upasuaji mkubwa wa kiwiko au wa mfupa wa juu ya kiwiko, mimi ningeichagua mofini ya siku moja au mbili kabla ya tramadoli ya wiki mbili.

Kwa wasomaji walioko Marekani, oksikodoni na haidrokodoni ndizo mtakazoandikiwa. Oksikodoni ina nguvu mara moja na nusu ya mofini, haidrokodoni inalingana nayo, na vidonge vingi vya haidrokodoni vimechanganywa na parasetamoli, jambo linalopaswa kuingizwa katika hesabu ya gramu nne.

Ganzi ya mahali, ganzi ya mkono mzima, au nusukaputi

Uchaguzi wa dawa za nyumbani huanzia chumba cha upasuaji. Daktari Donald Lalonde wa Kanada ameieneza duniani namna ya kupasua mkono mgonjwa akiwa macho, kwa kuchoma dawa ya ganzi ya lignokeini iliyochanganywa na adrenalini palepale panapokatwa, bila kumfunga mpira wa kubana damu. Zamani madaktari walifundishwa kwamba adrenalini haichomwi kwenye vidole kwa sababu huviua. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba kesi nyingi za zamani zilitokana na prokeini, dawa iliyotumika enzi hizo na iliyokuwa ikiharibika chupani. Kwa kidole kinachokwama, neva iliyobanwa kifundoni, uvimbe wa kifundo na hata kuunga kano zilizokatwa kwa panga, njia hii inafaa sana kwetu, ambako wataalamu wa usingizi ni wachache, na mgonjwa hurudi nyumbani bila kichefuchefu cha nusukaputi. Inapotumika, parasetamoli na ibuprofeni karibu daima hutosha baadaye.

Ganzi ya mkono mzima, yaani ganzi ndefu, inayochomwa kwapani au juu ya mtulinga, ni bora kwa kifundo na kiwiko kilichovunjika. Hutuliza kwa saa nyingi, mara nyingi hadi usiku au asubuhi ya kesho yake. Hatari yake ni kwamba huisha ghafla. Mjomba wangu aliwekewa vyuma kifundoni mchana, akaondoka hospitali saa kumi na mbili jioni akiwa anacheka, mkono umelala kama gogo, akakataa kumeza kidonge chochote kwa kuwa hakuwa na maumivu. Saa nane usiku aliamsha nyumba nzima. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba dawa za kumeza zinapaswa kuanza kabla ganzi haijaisha, na usiku ule alimeza tramadoli nne kwa mkupuo, akatapika hadi alfajiri. Kama parasetamoli na ibuprofeni zingeanza jioni, na kidonge kimoja cha opioidi kingemezwa vidole vilipoanza kuchoma kama sindano, usiku ule ungekuwa mwingine. Hapa opioidi ina kazi yake halali: kuvusha mtu usiku ambao ganzi inaisha.

Vidonge vingapi?

Utafiti mmoja wa Philadelphia, uliochapishwa mwaka 2016, uliwahesabu wagonjwa 1,416 wa upasuaji wa mkono. Waliandikiwa wastani wa vidonge 24 na wakatumia 8.1. Thamani yake kwetu iko katika mgawanyo. Waliopasuliwa nyama, kano au neva tu walitumia wastani wa vidonge 5.1, waliotibiwa mifupa iliyovunjika 13, waliopasuliwa viungo vya mifupa 14.5. Kiganja na kifundo vilikaribiana, vidonge saba na nusu hivi kila kimoja, kigasha na kiwiko 11.1, na sehemu ya juu ya mkono na bega 22. Kumbuka pia kwamba huo ni wastani wa watu walioandikiwa vingi. Mtu akipewa vingi hutumia vingi zaidi.

Nikizigeuza namba hizo kwa ajili ya cheti, nikikadiria kidonge kimoja cha tramadoli cha miligramu 50 kuwa karibu na kidonge kimoja cha Kimarekani, ningependekeza hivi. Kidole kinachokwama, uvimbe mdogo na neva iliyobanwa kifundoni: sifuri, na kama maumivu yanatarajiwa kuwa makubwa, visizidi vitano. Kano zilizoungwa, au mfupa wa kidole uliochomekwa waya: vitano hadi kumi. Kifundo kilichowekewa vyuma: kumi hadi kumi na tano. Kiwiko na mfupa wa juu: kumi na tano hadi ishirini, na mgonjwa aonekane kliniki ndani ya wiki kabla ya kuongezewa. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2016 ulisema siku tatu mara nyingi hutosha kwa maumivu ya ghafla na zaidi ya saba ni nadra kuhitajika. Baadhi ya majimbo yakaweka sheria, Massachusetts siku saba mwaka 2016 na New Jersey siku tano mwaka 2017, kwa cheti cha kwanza. Mimi sipendi sheria za namba moja kwa wote, na mwongozo wa 2022 wenyewe ulijitenga na ukali huo, kwa sababu mkulima anayeishi saa nne kutoka hospitali hawezi kurudi kuomba vidonge vitano. Mtu huyo aandikiwe vya kumtosha, na aelezwe vizuri.

Kueleza ni tiba kwa haki yake. Katika jaribio dogo la wagonjwa 40 waliofunguliwa neva ya kifundo, walioelezwa kabla ya upasuaji jinsi maumivu yatakavyokuwa na jinsi ya kutumia dawa walimeza wastani wa vidonge 1.4 vya opioidi. Wasioelezwa walimeza 4.2. Dawa ilikuwa moja na upasuaji ulikuwa mmoja. Mgonjwa aambiwe kwamba siku mbili za kwanza zitauma, kwamba lengo ni kulala na kuweza kukunja vidole na si kukosa maumivu kabisa, na kwamba mkono ulioinuliwa juu ya moyo kwa mito miwili hutuliza kuliko anavyodhani. Wagonjwa wengi hutembea huku mkono ukining'inia, kisha hulaumu dawa.

Watu ambao hesabu hii haiwahusu

Anayetumia methadoni, opioidi inayotumika kutibu uraibu wa heroini, kama wale wanaohudumiwa katika kliniki iliyoanza Muhimbili mwaka 2011, asikatishwe methadoni yake kwa sababu ya upasuaji, na asidhaniwe kwamba inamtosha kwa maumivu. Mwili wake umezoea, kwa hiyo anahitaji dozi kubwa zaidi ya mwingine, pamoja na ganzi ndefu na parasetamoli. Kumwacha aumie ili "asirudi kwenye unga" ndiyo njia fupi ya kumrudisha huko, na arosto juu ya kidonda kibichi ni mateso ambayo hakuna daktari angemtakia mwanawe. Mgonjwa wa selimundu naye ana historia yake ya mofini na apangiwe na anayemtibu siku zote. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini, au mwenye pumu kali, opioidi apewe kidogo sana au asipewe.

Vidonge vya opioidi vinavyobaki visiwekwe kwenye kabati la jikoni "kwa siku ya kuumwa". Virudishwe famasi inayokubali kuvipokea, na isipokuwepo vichanganywe na mchanga au masalia ya kahawa, vifungwe na kutupwa mbali na watoto.

Kuna maumivu ambayo hayafai kulinganishiwa dawa yoyote kati ya hizi. Mkono uliofungwa plasta au uliowekewa vyuma ukianza kuuma kuliko jana yake, maumivu yakawa makali zaidi vidole vinaponyooshwa na mtu mwingine, vidole vikawa vya baridi, vimekufa ganzi au haviwezi kusogea, huenda shinikizo limepanda ndani ya misuli ya kigasha na damu haipiti. Misuli huanza kufa ndani ya saa chache. Opioidi hapo ni adui, kwa kuwa huficha dalili pekee inayopiga kelele. Mgonjwa huyo asiongezewe kidonge wala asisubiri kliniki ya Jumatatu. Arudishwe hospitali usiku huohuo, na jambo la kwanza litakalofanywa akifika liwe kupasua plasta na bandeji yote hadi kwenye ngozi.